Laptop Yenu Imemeza Ukoo Wetu

Joan Nasambu (Mama Hillary),
Boma la marehemu Mzee Mukhwana,
Tongaren, Bungoma.
Jumatano, wiki ya pili ya Novemba.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Kutengeneza Laptop Nyembamba
(jina lenu liko kwenye kifuniko, silitaji hapa ili nisikuaibishe kabla hujasikizwa).

Kupitia kwa: Salman, fundi wa kompyuta, Matisi, Kitale.

KUH: MZEE WETU ALIYEMO NDANI YA MASHINE YENU

Ndugu Mkurugenzi, au Dada Mkurugenzi, maana kijitabu chenu hakina picha yako,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini wewe na nyumba yako mko wazima na watoto wanakula vizuri. Sisi huku tuko wazima wote, isipokuwa laptop.

Kwanza unisamehe kwa mwandiko. Naandika kwa taipureta ya chuma niliyoachiwa na kanisa nilipokuwa karani wa parokia mwaka wa 1996. Ina uzito wa mbuzi jike, na tangu siku hiyo haijameza jina la mtu hata mmoja. Ukiona L mahali pa R, au R mahali pa L, usilaumu mashine. Hapo ni sisi wenyewe.

Sasa nikueleze polepole, vile ningemwambia dada yangu tukichambua mboga.

Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu alikuwa kitinda mimba wa Mzee Mukhwana. Huku Tongaren ni skimu. Watu walikuja kugawiwa mashamba kutoka kila upande, kila mmoja na ukoo wake mdomoni, na wengine, Mungu anisamehe, na ukoo walioupenda njiani. Ukitaka kujua nani ni wa nani, ulimwuliza Mzee Mukhwana. Miaka miwili kabla hajalala, aliniita akaniambia, "Nasambu, wewe una mkono mzuri. Andika." Akanitajia ukoo wetu na koo za majirani wote waliotuoa na tuliowaoa: nani alizaa nani, nyanya gani alitoka wapi, mtoto yupi alilelewa kwa nani. Majina mia tatu na kumi na manne. Nami niliyaandika kwenye daftari kama mtu anayepukuchua mahindi. Huangalii punje moja moja, unataka tu gunia lijae.

Halafu mwanangu Hillary, mwalimu huko Bungoma mjini, akaniletea laptop yenu. Akaniambia, "Mama, weka ukoo humu. Daftari litaliwa na panya." Nikaweka. Faili nikaiita UKOO. Nilipomaliza, daftari nikalitumia kuwashia jiko, kwa imani. Mzee akalala mwezi wa tatu uliofuata, akiwa ametulia, kwa sababu alijua yuko ndani ya laptop.

Jumamosi iliyopita nilibonyeza UKOO ifunguke. Kialama chake pale chini kilimeta kama jicho la paka, kisha kimya. Nikabonyeza tena. Nilibonyeza mara arobaini na moja, nimehesabu. Nyimbo za kwaya zinafunguka. Picha za ubatizo zinafunguka. UKOO peke yake ndiyo haitoki. Mambo ninayolalamikia ni haya:

1. Wembamba. Kijitabu chenu kinajisifu ukurasa wa kwanza kwamba mashine hii ni nyembamba kuliko zote mlizowahi kutengeneza. Kwetu, ng'ombe akikonda hivyo hatumsifu, tunamwita daktari. Nani alikuja kwenu akalia kwamba laptop yake imenenepa? Nitajie mtu mmoja. Nitamwombea.

2. Matundu. Laptop yangu ya zamani ilikuwa na matundu kila upande kama chekecheke. Hii ina mawili, madogo kama ya sindano ya kushonea gunia. Moja ni la stima. La pili lazima lichomekwe kikorokoro kinachoitwa adapta, na adapta yenyewe ina nafasi ya kitu kimoja tu. Nikiunganisha skrini kubwa, flash haina pa kuingia. Nikitaka flash iingie, nitoe skrini. Na mimi bila skrini kubwa sioni herufi ndogo, kwa sababu macho yangu yana miaka hamsini na minne. Ndiyo maana ukoo haukupata nakala hata moja. Hillary ananiuliza, "Mama, kwa nini hukuweka nakala?" Namjibu, ningeiweka kwa mdomo?

3. Ukimya. Hili ndilo limeniuma kuliko yote. Disiki ya laptop ya zamani ilikuwa na heshima. Ilipokaribia kufa ililia krr, krr, krr, wiki mbili nzima, kama mgonjwa anayeita watoto wake. Ulipata nafasi ya kuagana nayo. Hii yenu mpya haina kitu kinachozunguka ndani, haina sauti, haina joto. Kijitabu kinasema kwa herufi nzito: UKIMYA NDIO UBORA. Bana! Mtu mwovu pia ni kimya. Nyoka ni kimya. Mbona hamkuipa hata kikohozi?

4. Kuchomelewa. Nilimpigia Salman simu. Salman ni Mwislamu mwaminifu, duka lake halipiti Ijumaa bila kufungwa saa ya swala, na hajawahi kuniambia uongo hata pale uongo ungenifurahisha. Nikamwambia, si ufungue tu utoe disiki, uichomeke kwa mashine nyingine kama ulivyofanya ile ya zamani? Akasema, "Mama Hillary, hizi za siku hizi disiki imechomelewa kwa lehemu kwenye ubao wenyewe. Haitoki. Ikifa, inazikwa na mali yake." Nikakaa chini. Hata Farao alizikwa na mali yake lakini mlango uliachwa, wezi wakaingia. Ninyi mmezidi Farao.

Salman alikuwa Kapenguria kwa kazi, akaniambia atafika Ijumaa baada ya swala. Akaniagiza: "Mpaka nije, usizime. Usichomoe waya hata mmoja. Disiki ikianza kufa sehemu sehemu, kuisumbua ni kuimaliza." Nimetii. Tangu Jumamosi iko mezani na waya zake zote kama mgonjwa wa ICU. Hata kufagia nafagia kwa mbali.

5. Skrini kubwa. Ni ile ambayo kanisa lilikuwa likionyeshea maneno ya nyimbo kabla hatujapata nyingine. Kuiunganisha na laptop yenu ni kama kuunganisha mama mkwe na bibi mpya. Siku nyingine inakubali. Siku nyingine inageuza kila kitu rangi ya waridi, hata picha ya askofu. Siku nyingine inaandika HAKUNA ISHARA kisha inalala. Mimi nimelelewa nikijua kwamba watu wanaodai ishara walikemewa katika Injili, kwa hivyo mara ya kwanza nilidhani ninakemewa mimi. Mwezi wa tisa ndipo nilipofungua UKOO juu yake mara ya mwisho. Mwezi wa kumi vumbi la mahindi likaanza, nikaizima kwa kidole changu mwenyewe, nikaifunika na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua, alichonifumia rafiki yangu Beth. Iko hapo hapo kando ya laptop, imefunikwa vizuri kama kikombe cha ushirika. Hiyo siishitaki. Katika jambo hili haina hatia yoyote.

6. Kijitabu. Kina kurasa tisa za kunionya nisimwage chai. Kina mstari mmoja tu kuhusu disiki, mwishoni kabisa, kwa herufi za mchwa: "Kumbukumbu za mteja ni jukumu la mteja." Yaani mnaniuzia ghala, mahindi yakipotea mnasema mahindi yalikuwa yangu. Nilijua yalikuwa yangu! Ndiyo maana niliyaweka ghalani.

7. Msichana wa simu yenu. Anasema bonyeza moja, bonyeza mbili. Nilibonyeza zote. Nikamsalimu, nikamwuliza anaitwa nani, nikamwambia habari za msiba. Akaniambia bonyeza moja. Mwambieni mamake alimlea vibaya.

8. Ndoa. Sasa ndiyo tumefika penyewe.

Hillary anataka kumwoa Nangila, msichana mwenye adabu anayeuza mbegu na dawa za mimea Bungoma. Mamake Nangila ni mzaliwa wa hapa Tongaren. Wazee wanaketi kwangu Jumamosi hii saa nne kutoa neno la mwisho. Kwa kuwa mume wangu hayuko, anayesimama mahali pa baba ni shemeji yangu, Mzee Mukhisa, ndugu mkubwa wa marehemu. Naye Mukhisa amekataa. Anasema nyanyake Nangila, mama ya mamake, anatoka ukoo ule ule wa mama mkwe wangu, yaani mama aliyemzaa Mukhisa na mume wangu. Amesimama mbele ya watu akasema, "Damu ya mama yetu haiingii boma hili mara mbili. Mtoto haoi mahali nyanyake alitoka. Kama si kweli, nionyesheni."

Tungemwonyesha kwa kitu gani? Aliyejua amelala, na alichosema mmekimeza.

Mukhisa aliposikia habari hiyo hakusikitika. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akaomba kikombe cha pili cha chai. "Ati ukoo umepotelea kwa raptop? Nilisema mimi! Ukoo unawekwa kichwani, hauwekwi kwa sahani!" Beth, bibi yake, alimvuta koti. Beth ndiye rafiki yangu. Tumeolewa boma moja, tumezaa pamoja, tumezika pamoja, na nilipofiwa alilala kwangu siku arobaini bila kuuliza ataenda lini. Alimwambia mumewe, "Baba Shamba, mwache mtoto wa watu." Hakumwacha.

Jumapili, baada ya matangazo, nilisimama kanisani nikaapa mbele ya madhabahu: faili ikipatikana, nitaionyesha kwenye skrini kubwa, yote, tangu juu hadi chini, bila kuruka jina, mtu asije akasema Nasambu ameficha kitu kwa ajili ya mwanawe. Mukhisa akapiga makofi kutoka kiti cha nyuma. "Yote, shemeji! Usituruke hata mmoja!" Watu wakacheka. Alijua haipatikani.

Hillary hali. Ananiambia amekula, lakini namjua, mimi ndimi niliyemfundisha kula. Nangila ameacha kunipigia simu ili asinisumbue, na hilo linanisumbua zaidi. Hawa ni watu wawili waliongoja miaka minne wakifuata kila desturi, na sasa wanatenganishwa na kibati chembamba kama chapati ya mgonjwa.

Kwa hivyo, Mkurugenzi, nina maombi, nayo yanafuatana kwa haki:

(a) Urudishe majina mia tatu na kumi na manne kabla ya Jumamosi saa nne.

(b) Kama huwezi, uje mwenyewe. Kwetu, aliyemmeza mzee ndiye mzee. Utaketi kwenye kiti cha Mukhwana, utavaa koti lake, na Mukhisa akiuliza nyanyake Nangila alitoka wapi, utajibu. Usiseme bonyeza moja.

(c) Kama hujui, na nina hofu hujui, basi ukubali kwamba mzee wetu amekufa mara ya pili, mikononi mwenu. Tutaizika laptop karibu naye, chini ya ile migomba. Mtahitajika kama wafiwa. Kwetu mzee akizikwa, mtu huja baadaye akatembea katikati ya watu akisema ukweli wote wa ukoo, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza. Huyo mtamleta ninyi. Awe mnene.

(d) Na kama mtakataa yote, basi mtangaze kwenye redio kwamba kuanzia leo kampuni yenu haina habari nani ni ndugu ya nani, ili vijana wote wa Tongaren waoe wanakotaka. Mtakuwa mmeharibu desturi ya mababu, lakini angalau mtakuwa mmesema kitu.

Sikuandikii kwa chuki. Ninakuombea kila asubuhi, baada ya wagonjwa na kabla ya wanasiasa. Nisalimie mafundi wako wote, hasa yule anayetoboa matundu, umwambie apumzike macho. Msalimie mamako kama yuko hai. Msalimie pia yule aliyeandika kijitabu, na uniulizie anaokoka lini.

Aliyeumizwa nanyi lakini hajakata tamaa nanyi,

Joan Nasambu
Karani mstaafu wa parokia, mwenyekiti wa akina mama, mama wa bwana harusi kama Mungu atapenda.

N.B. Ijumaa, jioni.

Mkurugenzi mpendwa, Salman amekuja kuchukua barua hii, kwa hivyo nakuongezea kidogo kabla haijaondoka.

Alipofika nilimpa chai. Alitafuta mahali pa kuweka kikombe, meza imejaa waya, akainua kitambaa cha Beth. "Mama Hillary, kwani hiki kinalinda nini?" Nikamwambia ni skrini tu, nimeizima, haimo kwenye mambo haya. Akaibonyeza kwa kidole. Haikuandika HAKUNA ISHARA, haikuwa ya waridi. Ilikuwa UKOO, kubwa, nyeusi juu ya nyeupe, imefunguka tangu Jumamosi, imetungoja chini ya maua. Salman akaniambia kwamba ukizima skrini, laptop haijui umeizima. Inaendelea kupeleka kila kitu mahali ulipokiacha, kama mtoto anayeendelea kupeleka maziwa kwa nyanya aliyehama. Mara zile arobaini na moja, ilikuwa inaniitikia. Mimi ndimi niliyekuwa nimeifunika mdomo.

Kisha akaipima disiki. Akasema ni nzima asilimia tisini na nane. "Mama, hii itatuzika sisi." Kwa hivyo malalamiko ya kwanza hadi ya saba uyafute. Mwambie yule msichana wa simu kwamba mamake alimlea sawa.

Tulisoma pamoja, jina kwa jina. Mstari wa themanini na nane: nyanyake Nangila. Anatoka ukoo mwingine kabisa, mbali na mama mkwe wangu kama Kitale ilivyo mbali na bahari. Nilipiga kigelegele mpaka kuku wakatoroka. Hillary amekula ugali wote.

Halafu nikasoma mstari wa themanini na tisa.

"Mamake Beth. Alipoteza wazazi akiwa mdogo, akalelewa na jirani, akaitwa wa kwao. Kwa kuzaliwa ni wa ukoo wa bibi yangu." Hayo ni maneno ya Mzee Mukhwana, na bibi yake ndiye mama mkwe wangu, mama yake Mukhisa. Damu ambayo haiingii boma hili mara mbili, Mkurugenzi, iliingia miaka thelathini na minane iliyopita, na ndiyo inayompikia Mukhisa chai. Mzee alijua siku zote. Aliwabariki, akala chakula cha Beth kila siku, akafunga mdomo mpaka alipohitaji kunitajia, na mimi nikapukuchua nikapita.

Ninyi mliandika kwamba ukimya ndio ubora, nami nikawacheka. Naomba radhi.

Kesho saa nne wazee watakaa hapa. Mukhisa ameshapata habari kwamba faili iko, na kwa kiburi amesema tena, yote, juu hadi chini. Mimi nimeapa madhabahuni. Beth hajui chochote. Ameshaleta maandazi ya wageni, na ameniuliza kama nataka akifue kitambaa. Siwezi kuonyesha themanini na nane bila themanini na tisa kufuata nyuma yake.

Kufuta kwa kidole changu ni uongo, na niliapa. Lakini mashine ikifuta yenyewe, hiyo ni hitilafu. Salman nimemwuliza, amesema anaenda kutawadha. Ndiyo maana nakuomba wewe: ile tabia mbaya ya disiki niliyoilalamikia kurasa zote hizi, kama mnayo popote, nitumieni kidogo. Mstari mmoja tu. Ikiumeza kwa hiari yake, mimi sina dhambi, na ninyi mna kijitabu chenu.

Nikimaliza kupiga neno hili nitaiacha laptop wazi mezani, kwenye mstari wa themanini na tisa, nitoke nje nikapukuchue mahindi. Nitakaa huko kwa muda mrefu. Ikiamua, iamue.